Mlango Chini ya Tangi

"Kamongo, Kamongo. Unanipata?"

Sauti ilitoka kwenye redio ya Motorola iliyofungwa kiunoni, ndani ya koti. Absalom Amolo aligeukia dirisha akajifanya anakohoa.

"Nakupata, Mama."

"Mbuta anaruka leo saa kumi. Tumekagua lori zote mpaka Otonglo. Boti zote za Luanda Kotieno pia. Hakuna kitu. Kama ni yeye, anabeba na hiyo ndege yake."

"Si polisi waliikagua?"

"Mara mbili. Walitoka mikono mitupu, halafu wakaandikiwa barua ya kukemewa. Nataka ushahidi kwanza. Bila ushahidi siwezi kumgusa. Over."

Seiko yake ilionyesha saa nane kasoro dakika tano.

Mama Nasambu, mkuu wa Idara ya ujasusi mjini Kisumu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kamongo lilikuwa jina la Absalom la redioni, na Mbuta jina walilompa Lenz, mzungu aliyekuja na helikopta kuukuu ya kivita aina ya Alouette kunyunyizia dawa gugumaji. Mwaka huo, 1997, gugumaji lilikuwa limeziba ziwa hata feri zilikwama, na mtu yeyote aliyesema ana dawa alipokewa kwa chai na mandazi.

Lenz alikuwa na dawa. Alikuwa na bunduki vilevile.

Mwezi uliopita wavuvi watatu waliokotwa majini karibu na Mbita, miili imetobolewa risasi. Mmoja wao aliitwa Oketch. Alikuwa shemeji yake Absalom, mdogo wa mkewe Dorca. Absalom alilibeba jeneza lile begani. Leo bunduki nyingine ishirini zilikuwa njiani kuvuka ziwa, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuzizuia.

Hilo lilitosha kumjaza mtu kichwa.

Lakini tusimsingizie uzuri asiokuwa nao. Macho ya jasusi huyu hayakuwa kwa Lenz, aliyesimama karibu na mlango na soda mkononi. Yalikuwa kwenye meza ya nne.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya chama cha waunda modeli, katika ukumbi mmoja wa Milimani. Mawakili, madaktari na wake zao walipita wakitazama ndege na meli za plastiki. Lenz ndiye aliyetoa kikombe cha mshindi, na ndiyo maana Idara ilimtuma Absalom pale. Haikuhitaji kumtafutia kisingizio. Alikuwa mwanachama halali, anayejulikana kama afisa wa ardhi, na kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa ameshika namba mbili.

Namba moja alikuwa Badru Obeid, fundi saa.

Mwaka huu Absalom alikuwa amejiapiza. Alitafuta Nairobi nzima mpaka akapata seti ya kuunda ya kampuni ya Heller, ya helikopta ya Alouette, boksi la tangu miaka ya sabini, rangi yake imefifia kwa jua la dirishani. Plastiki ilikuwa imekauka, inavunjika kwa kuangaliwa tu. Aliiunganisha kwa miezi minane. Alisugua kila mshono kwa msasa mwembamba. Alipaka rangi ya Humbrol ya kijani kwa brashi ya nywele tatu, akiwa amebana pumzi.

Kisha Badru akaja na Alouette ileile.

Seti yake alipewa bure. Lenz alimzawadia baada ya kumtengenezea saa za dashibodi ya helikopta yake, kule kwenye uwanja wake wa ndege kando ya ziwa. Badru aliimaliza kwa wiki sita, kati ya saa ya mteja huyu na saa ya mteja yule. Hakuipaka rangi ya jeshi. Aliifanya iwe helikopta ya Lenz yenyewe, na matangi mawili ya dawa ubavuni, aliyoyachonga kutoka kwenye vichupa vya dawa ya macho. Alitia hadi vumbi kwenye magurudumu.

Jana yake Dorca alizitazama zote mbili. Kwa ya Badru alisema, "Hii unaona kabisa inaruka." Kisha akamgeukia mumewe. "Na yako pia ni nzuri."

Ile "pia" ilimkaa Absalom kooni kama mwiba wa samaki ngege. Wivu ulimla usiku kucha, na asubuhi ulikuwa bado una njaa.

Basi akaisogelea meza ya nne kutafuta kosa.

Juu hakuna. Ubavuni hakuna. Pangaboi zilikuwa zimekaa sawasawa. Alitafuta alama ya kidole kwenye gundi, akatafuta unywele kwenye rangi. Hakuna. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Absalom aliinama, akaweka shavu mezani, akachungulia tumbo la helikopta.

Akaliona.

Chini ya kila tangi kulikuwa na mstari mwembamba wa mraba, na kando yake bawaba nne ndogo kama mbegu za ufuta. Ulikuwa mlango.

Furaha aliyoipata, ingekuwa aibu kuisimulia. Alisahau redio na Lenz, na Mungu amsamehe, alimsahau hata Oketch.

"Mwalimu Wakhisi," aliita kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Njoo uone maajabu."

Mwalimu Wakhisi, mwamuzi wa mashindano, alikuja na miwani yake puani. Watu wakasogea.

"Nionyeshe tangi la dawa lenye mlango chini," Absalom alisema. "Dawa inakaaje humo? Si ukifungua tu inamwagika yote? Fundi wetu ametengeneza ndoo isiyo na kitako."

Watu walicheka. Alifurahi walipocheka.

Badru Obeid alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya mkono na bisibisi mbili mfukoni mwa shati. Hakukasirika.

"Ndivyo lilivyo, Bwana Amolo," alisema. "Mimi sibuni kitu. Siku tatu nilizofanya kazi kule, jua likiwa kali nilikuwa najilaza chini ya lile tangi. Mdomo wa dawa uko juu. Chini kuna mlango. Nikauliza moyoni wa nini, lakini nikauweka. Kama kipo, utaachaje kukiweka?"

Kicheko cha Absalom kilikufa.

Polisi walifungua matangi yale mara mbili. Walifungua kwa juu, wakatia kijiti, kikatoka na dawa. Nani angeinama kutazama chini? Tangi lilikuwa na sakafu mbili. Ushahidi ambao Idara iliutafuta mwezi mzima ulikuwa mezani, umepakwa rangi nyeupe, na yeye alikuwa ameutangaza kwa sauti mbele ya watu.

Mbele ya Lenz.

Aligeuka. Chupa ya soda ilikuwa dirishani, bado inatoa povu. Mzungu hayupo.

Nje, Land Cruiser ilinguruma.

Absalom alikuwa amejipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe. Alikimbia hadi kwenye Yamaha yake akiwa tayari anazungumza na redio.

"Mama, Mbuta ameshtuka. Bunduki ziko chini ya matangi. Anaenda uwanjani."

"Ameshtuliwa na nani?"

"Na mimi."

"Nakuja na gari mbili. Dakika ishirini."

"Hatuna ishirini."

Alipiga teke kiwashio. Kabla hajaachia klachi, mtu alipanda nyuma.

"Shuka," alisema Absalom.

"Lango la mbele la uwanja lina askari wake," alisema Badru. "Kuna njia ya ng'ombe inapita nyuma. Wewe unaijua?"

Hakuijua. Wakaondoka hivyo, mikono ya Badru imemkumbatia kiunoni. Pale ndipo Badru alipogusa bastola aina ya Browning chini ya koti.

"Afisa wa ardhi," alisema Badru taratibu.

"Nyamaza ushike vizuri."

Walipita katikati ya mji, wakaingia barabara ya Busia. Kilomita mia kwa saa. Mia na kumi. Otonglo ilikuwa imefurika, Jumamosi ya soko, na punda wawili walikuwa wamesimama katikati ya lami wakiwaza mambo yao. Absalom alikwepea kando, akapita katikati ya nyanya na mitumba. Mbele ya kibanda cha mwisho aliona nyavu kuukuu zimetundikwa, na risasi zake za kuzamishia zikining'inia.

Akafunga breki. Akachomoa mmoja.

"We, omera, unapeleka hio net yangu wapi?" mwenye kibanda, mama mnene, aliinuka kwenye stuli.

"Nitarudisha, Mama."

"Utarudisha lini? Hata jina sijui. Rudi hapa."

Alikuwa ameshampa Badru ule wavu na kuondoka.

Njia ya ng'ombe iliteremka hadi ziwani. Waliisikia helikopta kabla ya kuiona. Injini ilikuwa inapanda sauti, ule mluzi mrefu wa kuudhi. Kisha ikatokea kwenye nyasi, nyeupe, pangaboi kubwa inazunguka polepole, halafu haraka.

"Inachukua muda kupata nguvu," Badru alipiga kelele sikioni. "Hatuna dakika mbili, tunayo moja."

"Najua."

Na kweli alijua. Miezi minane haikupotea bure. Aliijua Alouette kwa vidole, kila bomba la mkia. Pangaboi ndogo ya mkiani aliibandika mara tatu ndipo ikakaa. Alijua ilipo, usawa wa kifua cha mtu, na kwamba helikopta isiyo na pangaboi ya mkiani haiendi popote.

Aliiacha Yamaha ianguke. Akauchukua wavu.

Lenz alimwona. Mlango ulifunguka, mkono ukatoka na bastola.

Paa. Paa.

Udongo uliruka mguuni pake. Badru alijitupa nyuma ya pipa la dawa. Absalom hakurudisha risasi. Alikimbia akiwa ameinama, akazunguka mkiani, akaurusha wavu kama alivyofundishwa utotoni na watu wa kwao.

Ulifunguka. Ukaingia.

Nailoni na risasi za wavu vilijisokota kwenye pangaboi ndogo. Chuma kililia. Mkia ulitikisika, kipande cha ubapa kikaruka na kupita juu ya kichwa cha Absalom, na helikopta nzima ikazunguka robo duara kwenye nyasi, ikakaa.

Lenz aliruka akakimbilia majini. Mashua yake ya mota ilikuwa imefungwa hatua hamsini tu kutoka ufukweni. Lakini tangu asubuhi upepo ulikuwa umelisukuma gugumaji, limejaa hapo kati, kijani kibichi, na maua yake ya zambarau. Dawa aliyolipiwa na serikali hakuwa ameinyunyiza hata tone. Alipiga hatua sita. Ya saba ilimzamisha hadi kifuani, na mizizi ikamshika.

Absalom alisimama ukingoni, Browning mkononi, hata hakuinyanyua vizuri.

"Tupa bastola," alisema. "Halafu usijisumbue. Ukihangaika ndiyo inakuvuta."

Lenz akatupa.

Kilichobaki ni matangi. Absalom aliingia chini ya helikopta na kisu chake. Mlango ulikuwepo, mraba, bawaba nne, vilevile kama kwenye modeli. Alijaribu kuukongoa. Kisu kikateleza, kikamkata kidole. Akajaribu tena.

"Niruhusu, bwana," alisema Badru.

Alijilaza pale alipozoea kujilaza. Akatoa bisibisi moja mfukoni, ile ndogo ya saa za wanawake. Nusu dakika. Mlango ulianguka, na mitutu ikashuka ndani ya nailoni yenye grisi, ikamlalia Badru miguuni.

Absalom alizihesabu. Tangi la kulia kumi, la kushoto kumi.

Alimkumbuka Oketch. Kisha akamwona Badru akifuta bisibisi kwa leso kana kwamba ametoka kubadilisha betri ya Casio, na wivu ukarudi mahali pake.

"Kamongo, habari?"

"Mzigo uko hapa, Mama. Na mwenyewe yuko hapa, analowa."

"Umejuaje habari ya matangi?"

Angeweza kusema lolote. Cheo kilikuwa kinamsubiri tangu mwaka juzi.

"Si mimi. Ni fundi saa, Badru Obeid. Aliyaona, akayaweka kwenye modeli yake alivyoyaona."

"Hiyo modeli ni kielelezo cha kwanza. Ichukue sasa hivi kabla haijapotea."

"Sawa, Mama."

Gari za Mama zilikawia, na kumtoa Lenz majini kukala muda. Hukumu ya mashindano ilikuwa saa kumi na moja. Walipofika Milimani ilikuwa bado dakika kumi. Absalom aliingia ukumbini na damu kidoleni na fomu ya serikali ya kukamatia vielelezo mkononi, na hapo mezani ndipo alipotambua amri ile maana yake nini.

Ikiondoka sasa, haipo mashindanoni. Isipokuwepo, namba moja ni yeye.

Wala si dhambi. Ni sheria, tena imeandikwa. Aliweka mkono kwenye kibao cha modeli. Badru alisimama upande wa pili, nguo zina nyasi, na hakusema neno. Laiti angesema. Laiti angelalamika kidogo.

Wivu wenyewe ndio uliomkataza. Angekipata kikombe, akiweke sebuleni, na kila siku ya Mungu akikitazama aone kile ambacho hakikuwepo mezani. Hapana. Alitaka kumshinda mtu huyu, hakutaka kumwondoa. Akaikunja fomu.

"Mwalimu, endelea," alisema.

"Namngoja mdhamini wetu, Bwana Lenz," alisema Mwalimu Wakhisi.

"Yuko na watu wa serikali. Hatakuja."

Basi Mwalimu akatangaza. Namba mbili, Absalom Amolo. Namba moja, Badru Obeid. Makofi yakapigwa. Dorca alikuwa katikati ya watu, na Absalom aliyajua makofi ya mkewe hata angefumba macho. Alipiga kwa ajili ya wote wawili, lakini kwa Badru alipiga zaidi. Iliuma. Iliuma kuliko kidole.

Makofi yalipoisha alikunjua fomu.

"Bwana Badru, helikopta yako imekamatwa."

"Itarudi lini?"

"Kesi ikiisha."

Badru alikubali kwa kichwa. "Basi usiishike pangaboi. Shika kibao."

"Najua," alisema Absalom.

Yamaha ilikuwa nje, lakini ingeitikisa. Akaivaa miwani yake ya jua, akaibeba Alouette kwa mikono miwili, akashika njia ya ofisini kwa miguu, chini ya miti ya Milimani, mtu mrefu asiye na haraka. Njia nzima aliigeuza huku na huku kwenye mwanga, akitafuta kosa.

Alipofika langoni alikuwa hajaliona.