Udongo Mweupe wa Mjane

"Baba Mbombo, enda sasa, jua isikuachie mu njia."

Ndivyo Mujinga alivyomtuma mumewe Beya, jioni moja ya mwaka tisini na tatu, pale stesheni ya Kolwezi. Miezi miwili walikuwa wamelala chini ya turubai, wao na maelfu ya Wakasai wenzao, wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai. Kuwarudisha! Beya alizaliwa Kolwezi, baba yake kazikwa Kolwezi, Kasai yenyewe alikuwa akiisikia tu. Lakini mwaka ule watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu, na nani amewahi kumuuliza mdudu alizaliwa wapi?

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: aende cité, mtaa wa Musonoi, kwa Mama Nkulu, alete kifurushi. Mujinga angekwenda mwenyewe, ila Mbombo, binti yao wa miaka mitano, alikuwa na homa na hataki kumwacha mama.

"Kifurushi ya nini?" Beya aliuliza, na huku anajua.

"Udongo mweupe. Nijipake, Kalumba aniachilie. Banasema treni inakuya kesho."

Kalumba! Jina hilo lilikuwa limemkwama Beya kooni kama mwiba wa samaki, mwaka wa kumi na tatu sasa.

Sasa nisikilizeni vizuri, msije mkapotea. Kalumba alikuwa mume wa kwanza wa Mujinga. Askari. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mcheshi, mwenye mwanya wa meno ya mbele. Vita vya mwaka sabini na nane vilimkuta hapo hapo Kolwezi, akatoka asubuhi na bunduki yake, hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Na kwa mila ya kwao, mjane si huru mpaka ukweni watoe udongo mweupe na kumwambia marehemu: mwache, si wako tena. Mama Nkulu, mama mzazi wa Kalumba, alikataa. "Sijaona maiti," alisema. "Nimuachilie nani?" Beya akamwoa Mujinga hivyo hivyo, tena akicheka. Yeye Mkristo, vumbi la nini?

Alicheka mwaka mmoja tu. Kila mwezi wa tano Mujinga alikwenda Musonoi, akapika ugali wa bukari na samaki pamoja na yule mama, wakamkumbuka askari wao, wakalia, wakacheka. Akirudi, uso wake ulikuwa mwororo ajabu. Beya hakuwahi kuangaliwa kwa uso ule, hata siku ya harusi. Na kitandani Mujinga alilala katikati, akiacha nafasi ya mtu mmoja upande wa ukutani. Miaka yote hiyo! Mwanamume hai utamkunja shati, utamtukana, yataisha. Mfu asiyezeeka, asiyelewa, asiyekosa mshahara, utamfanya nini? Wivu ulimla Beya ndani kwa ndani, na hakuwa na wa kumwambia.

Basi akaenda. Alipita njia za nyuma ili vijana wa barabarani waliowawinda Wakasai wasimwone.

Mama Nkulu alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba. Akamwekea mkononi kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha shati la kijeshi.

"Nilikataa miaka kumi na tano," alisema polepole. "Nilisema, nikimuachilia muke wake, mutoto wangu atakufa kweli. Lakini ona, batu ya kwetu banabafukuza ninyi kama mbwa. Nasikia haya, tata. Mupe Mujinga. Nimeisha kusema na Kalumba. Amekubali, anataka kulala."

Heshima ile ya tata, baba, haikumlainisha Beya; akakibana kifurushi kwapani.

"Usiitupe, tata. Na mutu akikusemesha mu njia, usijibu."

Alirudi kwa njia inayopita kando ya mashimo ya mgodi. Jua lilikuwa limezama, weusi wa jioni unaanza. Hewa ilikuwa kavu, mvua ilikuwa imekatika zamani.

Ndipo akasikia viatu vizito nyuma yake. Kimoja kinagonga chini. Kingine... kinatoa maji.

Harufu ikamfikia kabla ya mwenye viatu. Mafuta ya bunduki, na shaba iliyolowa.

"Jambo, tata. Unatoka kwetu?"

Beya hakujibu. Kijana akamfikia, akatembea sambamba naye. Nguo za kijeshi. Maji yanachuruzika mikononi mwake, na vumbi la njia halilowi. Alipotabasamu, Beya aliuona mwanya.

Akakaza mwendo.

"Usiogope, tata. Niko naenda. Ninauliza moja tu." Sauti ilikuwa ya chini, ya heshima. "Mujinga... angali anaimba wakati anasuka nywele?"

Beya akasimama.

Mujinga anaimba? Miaka kumi na mitatu amemwona akisuka nywele. Hajamsikia akiimba, hata wimbo wa kanisani!

Jamani, hasira hasara. Onyo la Mama Nkulu likamtoka kichwani lote.

"Haimbi!" alipiga kelele. "Kwangu haimbi! Ni muke yangu, unasikia? Hapaki udongo yako, hapaki kitu yako yoyote!"

Akalirarua lile fundo, udongo ukamjaa kiganjani, akautupa wote shimoni pamoja na kitambaa.

Halafu, chini kabisa, maji yakalia. Chubwi.

Kijana aliinama, akaliangalia shimo. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Beya.

"Mi ndiye nilikuwa nakuonea wivu, tata," alisema. "Wewe unazeeka naye. Lakini nilikuwa nimekubali."

Akajifuta maji usoni.

"Basi. Twende wote."

Beya alikimbia mpaka stesheni. Mujinga alipomuuliza, alisema, "Amekataa, ule mama." Mujinga akajifunika kitenge kichwani, akalia bila sauti. Beya akaenda kunawa. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, kiganja chake kikabaki cheupe.

Treni ikaja kweli kesho yake, mchana. Walipakiwa kwenye behewa la mizigo lisilo na mlango, watu zaidi ya themanini na masufuria yao, mtu anampumulia mwenzake shingoni. Mujinga alipata kona, akaegemea na Mbombo mapajani. Na ubavuni kwake, upande wa ukutani, palibaki nafasi ya mtu mmoja. Wazee walikuwa wamesimama, mwenye mimba kasimama, na hakuna aliyekaa pale. Mbao zake zilikuwa zimelowa.

Beya alijaribu kupenya akae. Baridi ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Akarudi nyuma.

Jua likaanza kushuka. Mbombo akafumbua macho, homa imekwisha.

"Mama," alinong'ona, "ule askari atashukia wapi?"

Mujinga aligeuka taratibu, akamwangalia mumewe, kisha akaushika mkono wake na kuufungua. Aliutazama ule weupe wa kiganjani.

"Baba Mbombo," alisema. "Kumbe mama alikupa."

Mujinga akauachia mkono wake. Akaanza kusuka nywele za mtoto, uso umegeukia ukutani, na uso ule ukawa mwororo, ule ule wa mwezi wa tano.

Akaanza kuimba.

Sauti tamu, ya msichana. Beya aliisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatokwa na machozi kwa wivu.

"Sogea kidogo, tata," mtu akamwambia sikioni, kwa heshima. "Tubanane."

Beya akasogea hatua moja. Harufu ya shaba iliyolowa ikamjaa puani.

"Kidogo tena."

Akasogea. Stesheni ya Tenke ilikuwa bado mbali, treni inakwenda kasi, na nyuma ya visigino vyake, pale pasipo mlango, mbao zilikuwa zimekwisha.