Mstari wa Rangi ya Kucha

Duka la vipuri lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, kila mtu akipaza sauti kutaja gari lake. Binti mmoja wa ovaroli ya buluu, aliyebanwa kwenye kaunta, akahisi chuma kikimchoma mbavuni.

"Kaka, fimbo yako itanitoboa!"

"Samahani, dada. Si fimbo. Ni tairodi, imepinda tu kama bakora."

Binti akageuka. Vumbi lilikuwa limelimeza shati la kijana yule pamoja na nyusi zake. Tairodi, kile chuma kinachovuta gurudumu usukani ukikatwa, alikuwa amekibeba kama mgonjwa.

"Umegonga nini, Vumbi?"

"Kisiki. Ninaendesha kigari cha kupanda matuta ya mchanga, kile kisicho na milango. Wewe unayajuaje haya?"

"Mimi ndiye fundi wa usukani, gereji ya nyuma hapo. Kilete."

Kijana akampisha mbele kwenye foleni. Hilo binti hakulisahau.

Alibadilisha tairodi, akapima magurudumu, akakaza nati zote. Kila nati aliichora mstari mwekundu wa rangi ya kucha, nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma kilichoishika. Ndiyo kawaida yake: nati ikifunguliwa, mstari hukatika. Vumbi alimtandikia boksi asilalie oili, akamshikia tochi mpaka mwisho. Kuanzia hapo simu hazikukoma.

"Fundi wangu, umekula?"

"Kigari chako je, kimekula?"

"Kimeshiba. Mwenye njaa ya kukuona ni mimi."

Lakini kigari kilirudi. Kinavuta kushoto. Akapima upya, akarekebisha. Kikarudi tena. Usukani umetulia kama sahani mezani, ila kikipanda matuta kinakimbilia pembeni. Alitafuta kosa mpaka machozi ya hasira yakamtoka.

Mjomba wake, mwenye gereji, akasimama mlangoni. "Kikirudi tena, mama, kazi ya usukani nampa mwingine. Wewe utaziba pancha. Hapa kazini sina mpwa, nina fundi."

Binti akampigia Vumbi, simu ikiteleza kwa grisi.

"Umegonga tena, sema!"

"Sijagonga, mpenzi. Haki ya Mungu."

"Chuma hakiharibiki kwa kutazamwa!"

"Basi tafuta dereva mwingine wa kumgombeza."

Simu ikakatwa.

Asubuhi alikaa kwenye kiti cha dereva cha kigari, kilichokuwa kimelala gereji, paji la uso juu ya usukani, amechoka hoi. Alipoinua kichwa, macho yakatua kwenye nati ya katikati ya usukani. Mstari mwekundu ulikuwa umekatika.

Akapiga simu. "Njoo," alisema tu.

Vumbi alikuja, shati limepigwa pasi, mkononi ana kikombe cha chai, amemletea yule yule aliyemgombeza.

"Nani kafungua usukani?"

Kijana akainamisha kichwa. "Mimi. Siku ya kwanza nilipotoka hapa, ulikuwa umekaa upande. Nikaona mjomba wako akiuona atakusema. Nikasimama njiani, nikautoa, nikaurudisha umenyooka."

"Ukanificha!"

"Nilikusitiri."

"Vumbi! Kule kukaa upande ndiko kulikokuwa kunaniambia sanduku la usukani limehama! Umemziba mgonjwa mdomo, halafu unaniuliza anaumwa wapi?"

Akaingia chini, akakwangua tope kavu. Kishikizo kinachofunga sanduku kwenye fremu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kigari kikisimama, vipimo viko sawa. Kikipiga tuta, sanduku linateleza na kuvuta magurudumu pembeni.

Mjomba alipofika, Vumbi aliwahi. "Mzee, kosa ni langu. Fundi wako hana kosa."

Mjomba akaguna. Kisha akaenda mwenyewe kuwasha mashine ya kuchomelea.

Jioni walikipeleka kigari matutani. Kikapanda, kikashuka, kikanyooka bila kubembelezwa.

"Bado nina hasira," binti akasema.

"Naziona. Nikuoe ukiwa nazo?"

Binti akapangusa grisi kidoleni. "Siku nikikaa upande, usininyooshe kwa siri. Niulize."

"Nitakuuliza."

Binti akatoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, akabananisha kidole chake na cha Vumbi, akachora mstari mmoja mwekundu juu ya vyote viwili.

"Nusu kwako, nusu kwangu," akasema. "Haya, endesha. Taratibu, rangi haijakauka."