Abriko, Papai na Macho ya Bénita

Bénita na mume wake Cikuru wanakaa Majengo, mujini Goma, pamoja na Annonciata, mama ya Cikuru. Bénita anauza sabuni na chumvi sokoni. Wakati mambo haya yalipotokea, mutoto wao Christa alikuwa na miaka miwili, na Bénita alikuwa na mimba ya pili.

Katika ile mimba, harufu ya sombe, majani ya muhogo, ilimutapisha. Akaacha mboga zote. Alikula bugali na maharagi, basi.

Kisha macho yake yakaanza kumusumbua. Muchana aliona vizuri. Lakini jua likishatua, wakati wenzake wangali wanaona njia, yeye hakuona kitu. Alijikwaa juu ya mawe ya volkano. Hakumwambia mutu. Aliogopa watu waseme amerogwa. Akawa anafunga meza yake mapema na kurudi nyumbani kabla ya jioni.

Jioni moja alitoa sufuria ya maji ya moto kwenye mbabula ya makaa. Christa alikuwa amekaa karibu. Bénita alimugonga, na maji yakamwagika kwenye muguu wa mutoto. Cikuru alimunyanyua mutoto na kuuweka muguu ndani ya maji baridi.

“Alikuwa mbele yako,” alisema. “Hukumuona?”

“Sikumuona. Jua likitua, mimi sioni.”

Walimupeleka Christa kwa jirani yao Joviale, muuguzi wa kituo cha afya. Joviale aliufunga muguu na kusema kidonda ni kidogo, kitapona. Halafu akamuuliza Bénita habari za macho, na chakula anachokula kila siku. Bénita alimweleza yote.

“Hakuna mutu aliyekuroga,” Joviale alisema. “Mwili wako umepungukiwa vitamini A. Bila hiyo, jicho haliwezi kuona kwenye mwanga mudogo. Na mutoto aliye tumboni naye anachukua kwako.”

Alieleza kwamba vitamini hiyo inapatikana katika majani ya kijani na katika vyakula vyenye rangi ya machungwa ndani. Hapo Cikuru akakumbuka abriko. Kaka yake Baharanyi, anayefanya biashara ya nguo, alileta pakiti ya matunda hayo makavu kutoka Istanbul. Mama Annonciata aliyaweka katika sanduku kwa ajili ya wageni.

Joviale alisema abriko ni tunda zuri. Rangi yake inasaidia macho, na nyuzi zake zinalainisha choo kigumu, kinachowasumbua wanawake wengi wenye mimba. Lakini pakiti moja haitoshi. Ikiisha, Bénita atapata msaada uleule kwa papai lililoiva, embe, boga, na mafuta ya mawese kidogo kwenye chakula.

Mama Annonciata, aliyekuwa amekuja pamoja nao, aliingilia.

“Abriko ale,” alisema. “Papai hapana. Papai inatoa mimba.”

Cikuru alitaka kumukatiza, lakini Joviale alimuomba mama aeleze. Annonciata alisimulia kwamba alipokuwa kijana, wakati wa njaa, alikula papai, na mimba yake ikatoka. Hakuwahi kumwambia Cikuru.

“Pole sana, Mama,” Joviale alisema. “Lile papai lilikuwa limeiva?”

“Lilikuwa kijani. Tulilipika kama mboga.”

“Siwezi kujua leo kitu kilichotoa ile mimba. Lakini papai bichi, lenye maziwa meupe, hata sisi tunamukataza mwanamuke mwenye mimba. Lililoiva vizuri halina shida.”

Annonciata alimubeba Christa mugongoni, wakarudi nyumbani.

Kesho yake Bénita alikwenda kituo cha afya. Alipimwa, akapewa vitamini A kidogo, kwa kipimo cha wanawake wenye mimba. Joviale alimuonya asinunue vidonge vya vitamini A mwenyewe sokoni, kwa sababu vikizidi vinaweza kumuumiza mutoto tumboni. Nyumbani, Annonciata alifungua sanduku na kumupa abriko zote. Bénita alizila pamoja na Christa.

Zilipoisha, Annonciata alikwenda sokoni peke yake. Aliyabonyeza mapapai moja moja, akakataa yote yenye kijani. Alirudi na moja laini, la njano. Alilikata, akaonja kwanza yeye, halafu akamupa Bénita sahani.

Tangu siku hiyo papai au boga havikukosa nyumbani. Bénita alirudia pia majani, akianza na lengalenga, ambayo harufu yake haikumutapisha. Muguu wa Christa ulipona.

Wiki zikapita. Jioni moja Bénita alikuwa amekaa mulangoni. Jua lilikuwa limeshatua, na taa ilikuwa bado kuwashwa. Watu walikuwa wanarudi kutoka kazini, wengi, wote weusi kama vivuli. Bénita aliwatazama. Kisha akageukia ndani.

“Mama,” alisema, “weka maji ya bugali. Cikuru yule anakuja. Amevaa shati yake ya bluu.”