Dole Gumba Chini ya Barua

Sanduku la bati alilolileta karani wa jeshi lilikuwa kavu, lakini karatasi za askari marehemu ndani yake, nakala za barua zake na majibu ya kutoka nyumbani, zilikuwa zimelowa, tena zinanukia udongo uliotoka kulimwa. Mama wa marehemu alizianika juani, akazigeuzageuza kutwa nzima. Wapi! Hazikukauka.

Hakujua kusoma. Wa kumsomea alikuwa kifungua mimba wake, Msomi, jina alilopewa na nyumba nzima kwa kuwa mdogo wake aliacha shule akashika jembe ili yeye aendelee. Miaka miwili ya vita Msomi ndiye aliyesoma barua za mdogo wake askari na kuandika majibu; mama alichovya dole gumba kwenye wino na kulibandika chini. Alilionea fahari dole lake kama vile ni saini ya waziri.

"Anasemaje hapa, baba?" aliuliza.

"Anakusalimu, mama. Anakula, analala, hana neno."

Hapo jembe likasikika shambani, mchana kweupe, na mtu hakuna. Msomi akasoma barua ya pili, salamu zilezile, jembe likasogea; kwenye ya tatu lilikuwa chini ya dirisha, na kabla hajaimaliza mama akasikia sakafu ya saruji ikipigwa kutoka chini, pigo kwa pigo, kwa mkono wa mtu anayepumzika kila baada ya mapigo saba ili ateme mate viganjani, kama alivyozoea mwanawe tangu utotoni, na harufu ya udongo ikamjaa puani hata pumzi ikamkatika, na alipofumbua kinywa apige yowe akayasikia na yale mate yakitemwa.

"Hilo ni jini, mama," Msomi alinong'ona. "Limekuja na sanduku. Tumwite mganga alitoe leo leo."

Mganga alikuwa bibi mnene, mwingi wa maneno. Aliingia, akanusa, akakaa bila kukaribishwa.

"Zichome tu hizo karatasi, bibi," Msomi alimhimiza.

"Mimi sichomi nisichokisoma, mjukuu wangu," akajibu, akatoa miwani.

Alisoma, na maneno yake mengi yakamwisha.

"Mwenzangu," hatimaye alimwambia mama, "mwanao aliandika kwamba vijana wa mashambani wanaruhusiwa kurudi kuvuna, mradi mzazi aandike kuwa anawahitaji. Amekuomba mara tatu. Na jibu lako hili hapa: 'Sikuhitaji. Shamba nimeshampa kaka yako. Baki huko huko.' Chini kuna dole."

Mama aliitambua alama, na kovu la kisu lililoikata katikati. Mwanawe alikufa akiamini kwamba mama yake ndiye aliyemtupa.

"Mama, shamba lenyewe dogo," Msomi alisema kwa sauti ya chini. "Tungegawana nini?"

Mama hakumtazama. Alipiga magoti, akaweka mdomo karibu na saruji.

"Sikuandika mimi, baba. Nilikuwa nakungoja."

Jembe likanyamaza. Mganga akafungua mkoba wake wa dawa.

"Haya, nimtoe?"

"Huyo hapa ni kwao," mama alisema, akamnyooshea kidole Msomi. "Nitolee huyu."

Mganga alimwangalia Msomi, akaufunga mkoba. "Wa namna hiyo dawa yake sina," akasema, akamshika mama mkono, wakatoka wote wawili na kuufunga mlango kwa nje, wakamwacha Msomi ndani na mwenye jembe.