Stempu ya Nyumba ya Wazimu

Mniite mwongo mkitaka. Mimi Wawira nimeitwa mabaya zaidi, na wengi walioniita nimeshawazika.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu wakipigana na Mau Mau. Walikuwa wameturundika kwenye kijiji kimoja karibu na Karurumo, handaki limetuzunguka, chini yake miti iliyochongwa. Jua likizama lango linafungwa. Ukikutwa nje, ni risasi. Na humo ndani mama yetu alikuwa anaumwa kifua, anaisha.

Sisi watoto wake wengine alikuwa ameshatubariki. Unapiga magoti, unafungua viganja, anakutemea mate kidogo, basi, unaenda na maisha yako. Alibaki Nyamu, kitinda mimba. Nyamu alitoka kizuizini akiongea na ukuta, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali huko mjini. Mama hakuogopa kufa. Aliogopa kufa kabla mate yake hayajamfikia Nyamu.

Jioni moja nilimletea stempu kutoka dukani kwa Kithaka. Ilikuwa mpya, ya ukumbusho, imetolewa kuheshimu miaka mingi ya hospitali ile ile. Nyumba ndefu, madirisha ya vyuma, mlango mmoja mweusi katikati.

"Hizi zimenidodea hapa," Kithaka aliniambia akicheka. "Nani atalamba nyumba ya wazimu?"

Lakini mama aliifurahia kama mtoto.

"Ndiyo nyumba aliyomo," alisema. "Mate yatajua njia."

Akailamba polepole, akaibandika kwenye bahasha tupu. Barua ya nini? Anwani Kithaka alikuwa ameshaiandika, na kilichokuwa kinatumwa ni mate.

Sanduku la posta lilikuwa nje ya lango, kwenye ukuta wa duka. Nikatoka mbio, jua limebaki kipande.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Sabuni ya dawa, ile kali ya hospitali.

Kisha nyayo... taratibu... nyuma yangu.

"Wawira."

Sauti ya Nyamu. Haki ya Mungu, ilikuwa sauti ya ndugu yangu! Alisimama kando ya ua wa mkonge, blanketi la kijivu limemfunika hadi usoni, miguu mitupu.

"Umetoroka? Watakuua, mjinga wewe!" nilinong'ona, machozi yananitoka. "Shuka mtoni ujifiche!"

"Nipe ya mama."

Akafungua kiganja. Sikumpa. Nasema tena, sikumpa. Niliisikia stempu ikibanduka yenyewe chini ya kidole changu, mbichi, kana kwamba imelambwa sasa hivi. Akafumba mkono, stempu ikiwa ndani.

Filimbi ya homugadi, askari wa kulinda kijiji, ikalia langoni. Niligeuka kutazama, na nilipomrudia...

Hakuna mtu. Vumbi lilikuwa na nyayo zangu tu.

Nilimwambia mama Nyamu amepata baraka yake. Habari ya vumbi sikumtajia. Alilala usingizi mzuri, nami nikashukuru, nikasema mengine Mungu anajua.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, lori likamshusha Nyamu langoni. Amekonda, amenyolewa, ana karatasi ya ruhusa mkononi. Aliingia moja kwa moja, akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua viganja.

Mama alimtazama sana.

"Huyu ni nani?" akaniuliza. "Nyamu wangu yuko nyuma ya nyumba. Kila jioni ananiongelesha."

"Mama, ni mimi," Nyamu akasema.

Mama akaziba mdomo wake kwa mkono. Nikalia, nikamsihi, hata nikamgombeza, Mungu anisamehe: mtemee tu, hata kidogo! Hakukubali.

Nilimvuta Nyamu nje nikamsimulia yote. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama hakulamba jina langu, Wawira. Alilamba nyumba nzima. Na mle ndani wapo waliokufa zamani bila mama."

"Na sauti? Ilikuwa yako!"

Aliutazama ukuta wa nyumba.

"Nilikuwa namwita mama kila usiku," akasema. "Kitanda cha pili kilikuwa kinaniiga. Hakuna mtu aliyelala pale."

Jioni mama akaanza kuondoka duniani. Nyamu alipiga magoti tena, viganja wazi, nami nimemshika bega. Harufu ya sabuni ya dawa ikajaa nyumba. Mama akageuza uso, akatupa kisogo sisi sote, akatema mate yake ya mwisho...

Ukutani.

"Asante, mama," ikasema sauti ya Nyamu.

Ilitoka upande wa pili wa ukuta.

Nyamu hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa bado amepiga magoti pale chini ya mkono wangu, anatazama viganja vyake vikavu.