Goti la Nyanya Mbele ya Malkia

Nina miaka hamsini na mmoja, nauza viatu vya akala, vile vya matairi, katika soko la Kariokor, Nairobi. Ninayowasimulia niliyatenda mwenyewe, na akili zangu timamu... Sitaki pole ya mtu!

Pale mtaani Maringo tulikolelewa, kila jirani alijua kwamba nyanya yetu mzaa mama alipelekwa Uingereza enzi za ukoloni, akapiga goti mbele ya Malkia. Picha yake ilitundikwa sebuleni: glavu nyeupe, goti limekunjwa, kichwa kimeinama. Mama alitufundisha goti hilo mimi na dada yangu Beti. Kanisani walimwita Mama Ikulu, naye aliitika kwa madaha.

Nikapata mimba nikiwa kidato cha tatu. Mama alisema nimelitia doa goti la nyanya. Tangu hapo wageni wakija, Beti alipiga goti, mimi nikachemsha chai jikoni. Miaka yote hiyo! Hivi wewe ungesahau?

Mwaka jana Nelima, binti ya Beti, alipata mchumba. Mama akataka historia ya nyanya isomwe siku ya wakwe kuja. Niliomba kazi hiyo. Nilidhani nikileta karatasi kutoka Uingereza kwenyewe, Mama atanitazama tena kama mwanawe.

Niliandikia ofisi moja ya kumbukumbu huko. Baada ya miezi kadhaa wakanitumia nakala ya barua ya memsabu, yule bibi wa Kizungu aliyemwajiri nyanya. Kumbe aliyepelekwa mbele ya Malkia ni memsabu! Nyanya alikuwa yaya wake. Walifanya mazoezi pamoja, na memsabu alimvisha glavu akampiga picha, kwa sababu yaya alilipiga goti vizuri kumshinda. Siku yenyewe nyanya alisubiri nje, ameshika viatu vya kubadilisha.

Niliapa kuificha barua ile. Nilikuwa nimeshaandika hadithi ya kupendeza badala yake... Lakini wakwe walipoketi, nikainuka nipige goti pamoja na Beti na Nelima. Mama akanizuia mbele ya watu wote.

"Wewe rudi jikoni. Goti hili si la kila mtu."

Nikaitoa barua mkobani. Nikaisoma neno kwa neno!

Shangazi ya bwana harusi aliangua kicheko. "Kumbe Mama Ikulu ni mtoto wa yaya!" Nelima alinifuata jikoni akilia: "Aunty, mbona umetuchoma hivyo? Si ungeniambia tu mimi?" Nami, nisiwafiche, nilisikia raha.

Wageni walipoondoka, Mama aliishusha picha. Akasema alijua tangu utotoni. Shuleni wenzake walimzomea kwamba mamake anafua chupi za wazungu, akatunga uongo ule ili sisi tusizomewe. Nami pia nisizomewe, alisema. Hata mimi...

Wasomaji wenzangu, ukichimbua ya wazee wako, jiulize kwanza unampelekea nani, na kwa moyo gani. Ukweli niliupata. Nikautumia kama rungu. Msinifuate njia hii, nawasihi!

Mama sasa ana miaka sabini na tisa, na magoti yamevimba. Kila Jumapili nikibisha, hufungua mlango, akapiga goti lile lile mpaka chini.

"Karibu, memsabu. Una nguo za kufua?"

Nimelia, nimemshika mikono, nimemwita Mama. Hainuki. Hubaki pale chini akitetemeka mpaka nimwambie: "Inuka, yaya."