Dari la Mawe la Tonrigi

Zama zile wafalme wa Uingereza na wa Uskoti walipokuwa wakigombania mpaka, watu wa kaskazini hawakujenga kanisa kwa ajili ya sala peke yake. Kijiji cha Tonrigi kiliupandisha mnara wa kanisa lake kama ngome: kuta nene, madirisha membamba ya kupitishia mshale, na mlango mmoja tu, wa kuingilia kutoka ndani ya kanisa. Chumba cha chini kilifunikwa kwa dari la mawe lililopindwa kama tao, ili adui akiwasha moto chini, waliojificha juu wasiungue.

Mjenzi wake alikuwa Gilbati, mwashi hodari, mkaidi, na mwenye majivuno ya kuudhi. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimemwahi. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na dari lilikuwa bado limebebwa na kiunzi cha mbao. Desturi ya waashi ilikuwa kukiacha kiunzi hadi baridi ipite.

Wavamizi kutoka ng'ambo ya mpaka hawakuijua desturi hiyo. Asubuhi moja waliteremka vilimani wamevaa deraya, mikuki mkononi. Kijiji kizima kikakimbilia mnarani na kupanda ngazi ya mzunguko hadi chumba cha juu. Watoto wa Gilbati walikuwa miongoni mwao.

Mashoka yalipoanza kuutafuna mlango, Padre Osmundi alishuka hadi chumba cha chini, alikobaki Gilbati.

"Fundi, mlango utahimili?"

"Kwa muda mfupi, Baba. Ninachokiogopa ni mbao hizi. Wakizitia moto, zitaungua upande mmoja kwanza. Dari litaelemea huko, na watu wote wataanguka nalo."

"Tufanye nini, basi?"

"Tuziondoe sasa hivi, pande zote mbili kwa pamoja. Waambie watu wakae kandokando, migongo ukutani. Mtu asikanyage katikati. Nami nipe mtu wa kugonga upande wa pili."

Padre akapanda kuuliza. Wanaume wa pinde, wasemaji wakubwa siku za sikukuu, ghafla wakawa na kazi nyingi madirishani. Aliyeshuka ni Agnesi, mkewe Gilbati, mikono ya gauni la sufu ameikunja hadi viwikoni.

"Rudi kwa watoto!"

"Watoto wako juu ya dari lako, mume wangu. Nipe nyundo."

Gilbati akamwonyesha kabari zilizokishikilia kiunzi. "Nikigonga, nawe gonga. Usinitangulie, usichelewe."

"Litasimama?"

"Litasimama."

Wakaanza. Kabari zilitoka kidogo kidogo, na kila pigo lilishusha vumbi la chokaa machoni mwao. Shoka likatoboa mlango, mwanga ukapenya, mtu akatukana nje. Kiunzi kikashuka, kikaachana na mawe. Dari likanguruma. Juu mtoto alipiga yowe, kisha akanyamazishwa. Mawe yakajisogeza, yakabanana, yakatulia.

Hawakusubiri kushangilia. Walizipitisha mbao ngazini, watu wa juu wakazipokea, kisha wakapanda wenyewe na kuufunga kwa komeo mlango wa chuma wa ngazi. Punde wavamizi wakaingia, wakarundika majani na kuyawasha. Moshi ulipanda hadi watu wakatapika, na sakafu ikapata joto chini ya nyayo zao. Halikushuka hata jiwe moja. Alasiri wavamizi walichoka, wakaswaga ng'ombe wote wa kijiji, wakaenda zao.

Watu waliposhuka, Agnesi alisimama kwenye majivu akilitazama dari lililokuwa jeusi tititi.

"Ulikuwa na hakika?"

"La. Sikuwa nayo."

"Nilijua," akasema Agnesi. "Tangu unioe hujawahi kuulizwa habari za jengo ukajibu kwa neno moja."

Mwashi yule akataka kucheka. Badala yake akaketi palepale, akawavuta wanawe kifuani na kulia mbele ya kijiji kizima.